Wembe wa Babu Yako Niliochania Mkindu

Mjukuu wangu Pandu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: umetoka sasa hivi kwenda Darajani kutafuta kufuli la sanduku, umevaa ile fulana niliyokwambia uifanye tambara, na viatu umevikanyaga visigino. Hali yangu unaijua pia, ni yale yale magoti. Basi hilo tumelimaliza.

Nimekaa dirishani baada ya alasiri, maana jua likitua mimi na kalamu hatuonani. Usizicheke herufi zangu. Mimi nilitolewa chuoni nimefika juzuu ya tatu ya Kurani, nikawekwa uani kuchana mkindu wa mikeka na mama. Hizi herufi nyengine za kizungu nimezijua mtu mzima, nina watoto wawili, kwenye masomo ya watu wazima, na mwalimu wetu kijana akiniambia, "Bi Mize, herufi zako zinapigana." Nikamjibu, "Ziache zipigane, mradi hazitoki nje ya mstari."

Utasema, bibi huyu kwa nini aniandikie na tunakaa nyumba moja, tunakohoa tunasikiana? Kwa sababu mdomo wangu unaujua. Ukifunguka, la kwanza kutoka ni kali, la pili kali, na zuri likija nyuma linakuta mtu keshavaa viatu. Karatasi haina haraka. Na zile kelele za juzi na jana ulizoniuliza, nikakwambia watoto wa jirani wanawasha fataki, nilikudanganya. Nitakuja kukueleza. Usiruke mistari kwenda kutafuta, nakujua.

Sasa nisikilize.

Umeniomba radhi mara tatu. Mara ya kwanza ulipokuja na karatasi ya kazi ya Muskati, nikakuuliza kazi gani, ukasema kunyoa. Nikasema, "Umesoma miaka yote ile, nimekufulia mashati meupe miaka yote ile, ukawanyoe watu?" Nikaingia ndani. Mara ya pili ilikuwa baada ya Idi, ulipiga magoti pembeni ya msala wangu, na mimi nilikuwa nshatoa salamu, nikainuka nikaongeza rakaa mbili ambazo hazina jina wala wakati, ilimradi nisikujibu. Mungu anisamehe, ile haikuwa sala, ilikuwa mlango wa kujifichia. Mara ya tatu wiki iliyopita, jikoni. Ulisema, "Bibi, nipe radhi zako nisafiri na moyo mweupe." Nikakwambia, "Ngoja, chungu kinaungua." Chungu hakikuwa kinaungua. Hakikuwa hata na moto chini yake, na wewe ulikiona.

Kesho saa nne unaondoka. Mtu hatoki kwao bila ya radhi za mzee aliyemlea, na aliyekulea ni mimi. Mama yako alipoolewa tena Pemba wewe ulibaki mgongoni mwangu, hujaachishwa ziwa vizuri, na sijakushusha hadi leo ingawa miguu yako inafika chini. Najua unavyokwenda huku na huku ndani ya nyumba, unakunja shati hilo hilo mara nne. Unangoja neno. Unaogopa kuniomba mara ya nne, na unaogopa kuondoka bila ya kuomba.

Mambo ya kula na kulala sikuandikii. Sikuandikii uvae nini, ukae na nani. Nshakwambia kwa mdomo hadi mate yamenikauka, na uliyoyasikia umeyasikia. Nnataka kukuandikia habari ya wembe.

Wewe babu yako unamkumbuka na ndevu. Ulikuwa mdogo, ukikaa mapajani pake ukizivuta, yeye akilia uongo, "Mize, nitolee huyu mwizi!" Hiyo ndiyo picha uliyonayo, mzee wa ndevu nyeupe mpaka kifuani. Basi jua kwamba Vuai alikuwa mtu asiyeweza kukaa siku mbili na kidevu kibichi. Kazi yake ilikuwa nyuso za watu, na uso wake ndio ulikuwa kibao cha tangazo. Miaka arobaini alikaa kwenye baraza moja karibu na Darajani, na kibao chake cha kukalia cha mti wa mfenesi, bakuli la maji, kinoo, mkanda wa ngozi ameufunga kwenye nondo ya dirisha, na wembe wake wa kukunja, mpini wa pembe nyeusi. Alifundishwa na mzee wa Kihindi, na mafunzo yenyewe yalikuwa kunyoa kibofu cha mbuzi kilichopulizwa kikapakwa povu. Ukikitoboa, unakwenda kutafuta chengine. Alikuwa akisema alikula mbuzi wengi mwaka ule.

Na mimi nilimwonea haya.

Nimeliandika. Miaka hii yote sijapata kulitamka. Dada zangu mmoja aliolewa na karani, mmoja na mtu wa forodha, na mimi, Mize niliyejiona mzuri kuliko wote, nikapata kinyozi. Kwetu Makunduchi wakiniuliza mume wako anafanya nini mjini, nilikuwa nikisema, "Ana shughuli zake Darajani." Wakadhani duka. Sikuwaambia duka, lakini sikuwatoa dukani.

Basi ilikuwa harusi ya mdogo wangu wa mwisho, watu wamejaa, na baba mkubwa wa bwana harusi ametoka mjini na kanzu yake ya hariri. Akamwona babu yako kati ya wanaume, akapaza sauti, "Vuai! Kinyozi wangu! Kumbe kidevu changu kina wakwe Makunduchi!" Uani kwetu wanawake wote wakanigeukia. Na babu yako huko nje, badala ya kunyamaza, akasimama akampa mkono, akamshika kidevu mbele ya watu, akamwambia, "Kimeota hiki. Njoo Jumamosi." Watu wakacheka, wakafurahi. Kabla ya magharibi keshawanyoa wazee watano, bure, ati zawadi ya harusi.

Siku tatu sikumsemesha. Siku ya nne akaniuliza, "Mize, nimekukosea nini?"

"Ungesema amekufananisha."

Akanitazama. "Nikikane kidevu nilichokinyoa miaka minane?"

Nikamtilia wali.

Hata hivyo wembe ule ndio ulionilisha. Ndio uliowasomesha mama yako na mjomba wako. Na siku ya saba ya kuzaliwa kwako, mimi nimekupakata hapa hapa barazani, ndio uliokunyoa nywele za tumboni. Ulikuwa na kichwa kama embe dodo, laini, na kile kishimo cha utosini kinapiga, na mimi nikamwambia, "Vuai, angalia." Akasema, "Wewe shika mtoto. Mimi nshashika wembe." Ukalala usingizi ananyoa. Hata hukufungua jicho. Watu wakaja wakaangalia hicho kichwa, hakina hata alama ya kucha. Sikumwambia ahsante. Nilimwambia amemwaga maji kwenye mkeka wangu.

Baada yake ndio mkono ulianza kutetemeka. Kidogo tu, kikombe kinagonga kisahani. Siku moja akamkwaruza mzee nyuma ya sikio, tone moja la damu, na mzee mwenyewe hakuhisi. Babu yako akamfuta, akammaliza kwa taratibu, akafungua mkanda kwenye nondo, akachukua kibao chake kichwani akarudi nyumbani saa nne ya asubuhi. Hajarudi tena barazani kwake.

Sasa Ijumaa moja, nisikilize vizuri hapa. Nilikuwa na wageni uani, binamu zangu wawili wa Makunduchi, wale ambao nikiwatilia chai huangalia kikombe chini kimeandikwa nini. Babu yako akatoka na kibao chake, akakaa karibu na pipa la maji. Povu keshajipaka. Wembe ameuweka gotini. Akaniita, "Mize."

"Naam."

"Njoo unisaidie. Upande huu mmoja tu, huu mwengine nitajikaza."

Binamu zangu wakanitazama. Na mimi nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Mimi niliolewa niwe mke, Vuai. Sikuajiriwa kinyozi."

Wakacheka. Wale wawili wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Yeye akauchukua wembe gotini. Akajinyoa mwenyewe. Akajikata kidevuni, mkato si mkubwa, akaubandika kipande cha karatasi, akavaa kanzu akaenda msikitini. Aliporudi, wanaume waliokaa barazani kwetu wakamwona na karatasi yake, na mmoja wao hakuweza kujizuia: "Ah, Mzee Vuai! Si walisema kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata!" Wakaangua kicheko. Yeye akacheka nao. Na mimi, Pandu, nilikuwa nyuma ya dirisha hili hili nnaloandikia, nami nikacheka.

Aliingia ndani, akaufuta wembe, akautia mafuta, akaukunja. Hakuniomba tena. Wala hakuonesha hasira, maana angeonesha hasira ningempa hasira yangu tukaishia hapo. Aliacha ndevu zikaota. Wiki, mwezi, mwaka. Watu wakaanza kumsifu, Mzee Vuai amekaribia kwa Mola wake, angalia ndevu zake za sunna. Alipokufa, hitimani wakasema hivyo hivyo, na mimi eda yangu nimejifunika nyeupe nikaitikia kwa kichwa. Mtu mmoja tu alijua zile ndevu zimetoka wapi.

Zile ulizokuwa ukizivuta, nilizifuga mimi.

Ningekuwa na akili ningeutunza wembe wake. Sikuwa nayo. Nilipotoka eda nikarudi kwenye kazi ya ukili, mikeka nikitia sokoni, na kisu changu cha kuchania mkindu kilikuwa butu. Nikafungua mkoba wake nikautoa wembe. Ulichana mkindu kama unachana maji. Nikautumia hivyo, mwaka mzima. Kila nikiuona nilichana mkindu kwa nguvu zaidi. Makali yakaingia mapengo. Mpini ukapasuka upande mmoja. Siku ulipokataa kukata kabisa nikautupa kwenye kopo la vifungo, na hewa yetu hii ya chumvi unaijua, haiachi chuma salama.

Hapo ulipoukuta wewe, miaka kumi na saba baadaye, ukitafuta kifungo cha shati.

Nakumbuka ulivyokuja nao jikoni umeulaza kiganjani kama kifaranga. "Bibi, huu wa nani?"

"Wa kutupwa."

Hukuutupa. Lini umenisikiliza? Ukaenda dukani ukarudi na misasa aina tatu, ukakaa hapa dirishani, ukachukua mafuta ya cherehani yangu bila ya ruhusa, chupa nzima. Uliuloweka kwanza kwenye mafuta ya taa, nyumba ikanuka kama jahazi. Kisha ukayafunika makali kwa utepe, ukaanza kusugua, kutoka shina kwenda ncha, kutoka shina kwenda ncha, pole pole, mpaka nikachoka mimi ninayetazama. Nikakwambia, "Kwani umekula nini? Tia nguvu!" Ukasema, "Bibi, chuma hiki hakigombezwi."

Siku nzima neno lile lilinifuata. Nilikuwa nnakosha vyombo, liko. Nnakaanga samaki, liko.

Lakini mimi ni mimi. Ulipokwenda Jozani siku mbili kumsaidia rafiki yako anayetembeza wageni kuwaonesha kima punju, nikasema, huyu mtoto anahangaika bure, sinia zangu za shaba nimezing'arisha kwa ndimu na majivu tangu sijavunja ungo, wembe mdogo hivi utanishinda? Nikakamua ndimu sita kwenye bakuli, nikauzamisha wembe wako. Nikaenda zangu. Siku mbili. Nilipoutoa ulikuwa mweusi kama sufuria ya msibani, na umeliwa vishimo, mahali ulipokwishapang'arisha wewe ndipo palipoharibika zaidi. Nikausugua majivu, haikusaidia. Nikauweka pale pale ulipouacha, nikajifanya sijui.

Ulipoingia uliuona kabla ya kuvua viatu. Ukaunusa. Ndimu hainyamazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono kiunoni, nshajitayarisha kukwambia kwamba kosa ni lako kwa kuacha vitu ovyo. Nilikuwa nalo lile neno mdomoni.

Ukasema, "Ahsante, Bibi. Kutu imetoka yote."

Kisha ukachukua msasa ule mkali, wa mwanzo kabisa, ukaanza upya.

Pandu, mimi ni mtu mzima, nimezaa, nimezika, nimesifiwa biriani langu na watu wanaojua kula. Hakuna mtu aliyepata kunitendea jema kama lile. Ulikuwa na haki ya kunitukana na ukaniachia heshima yangu, mbele ya macho yangu mwenyewe, na hakukuwa na mgeni wa kumwonesha. Kazi ya siku nane uliifanya mara ya pili na hukuitaja. Sikukwambia ahsante, nilikwambia unamwaga unga wa kutu kwenye mkeka wangu. Umeona? Maneno yale yale. Miaka ishirini na zaidi, mtu mwengine, mkeka mwengine, maneno yale yale. Hapo ndipo nilipojiona.

Basi leo nnakwambia. Ahsante, mwanangu. Ahsante kwa wembe, na ahsante kwa lile neno ulilolisema hali unanusa ndimu pua nzima.

Ulipotaka mti wa kutengenezea mpini ukaniomba mguu mmoja wa kibao cha babu yako, kile nilichokitegeshea ndoo za maji. Nilishusha ndoo zote. Ukauchonga, ukaupaka mafuta, na sasa upande mmoja ni pembe nyeusi na mmoja ni mfenesi wa manjano, haufanani na wembe wowote duniani, na unapendeza, ingawa nilipoulizwa nilisema unapendeza kidogo. Kisha ukaulaza kwenye kinoo, mgongo na makali vyote vimelala, ukayala yale mapengo ya mkindu mpaka yakaisha. Nilikuwa nikihesabu moyoni kila pengo linapotoka. Hukujua unaninoa mimi.

Na siku ulipofunga mkanda wa ngozi kwenye nondo ya dirisha, ukaanza kuupitisha wembe, mgongo mbele makali nyuma, kama alivyokuwa akifanya yeye. Nani alikufundisha? Mimi sikukufundisha, ukasema umetazama kwenye simu. Niliposikia ule mlio, taf, taf, taf, nilikuwa nageuza chapati, nikaacha mkono kwenye chuma cha moto. Ulisema, "Bibi, umeungua!" Nikasema moshi umeniingia machoni. Ule mlio sijausikia tangu Ijumaa ile. Kila asubuhi ya ndoa yangu, kabla hajaubeba mkanda kwenda Darajani, uliniamsha, nikiulalamikia kwamba unanikatisha usingizi, na ulipokatika sikuulizia umekwenda wapi.

Siku ile ile ukaniuliza mambo mawili. La kwanza, "Bibi, huu wembe ulifanyishwa kazi gani hata ukawa na mapengo hivi?" La pili, ukiwa unautazama kwenye mwanga, "Na kwa nini babu hakujinyoa nao? Mimi namkumbuka na ndevu tu." Nikakwambia, "Kanawe ule." Ukanawa ukala, na hukuniuliza tena, ukaniachia nijibu siku nitakayoweza. Majibu yako ndiyo haya uliyoyasoma, nimekuandikia kwa mkono wangu ulioungua.

Sasa unajua kwa nini nilikunyima. Ulidhani naona haya kuwa na mjukuu kinyozi. Mwanzo, ndiyo, nisikufiche, ule ugonjwa haujapona wote. Lakini siku ulipokuja na ile karatasi niliona kibao, na baraza, na mkanda kwenye nondo, na nikaogopa. Nikasema ndani yangu, akienda huyu akawa kinyozi mwema kama yule, ataoa mwanamke kama mimi.

Hilo ndilo lililokuwa chunguni, halikuwa wali.

Sina wasia mrefu. Nina mmoja na nimeulipia. Watu wa nje watakucheka, na kicheko chao hakina mguu, kikifika kona kimeanguka. Lakini ukicheka nao nyuma ya dirisha, juu ya mtu wako mwenyewe, hicho kinakaa ndani ya nyumba. Na ukiombwa upande mmoja tu, nenda. Mtu aliyezoea kuwafanyia wengine akiomba upande mmoja, jua keshaomba moyoni mara mia.

Na wewe nyoa hao watu wa Muskati vizuri. Usivichore vichwa vyao mistari kama mipaka ya viwanja, ile mashine yenu siielewi. Lakini mwenye kutaka wembe, mnyoe kwa wembe huu. Ukimaliza ufute, utie mafuta, ukunje. Na mtu akikukuta harusini akapaza sauti "kinyozi wangu," simama umpe mkono.

Sasa zile kelele.

Ulipomaliza wembe ulinunua mapulizo ya kujifunzia, yale ya harusi ya kupuliza kwa mdomo, ukayapaka povu ukayanyoa, ukanichekesha. Yalibaki manne kwenye droo. Juzi ulipotoka kwenda kuaga, nikafunga mlango kwa komeo. Nikapuliza moja, pumzi zenyewe za kuazima, nikalifunga, nikalipaka povu la sabuni ya kufulia, nikachukua wembe kwenye mkoba wako. Ndiyo, nilifungua mkoba wako. Niliuweka kama nilivyokuwa nikimwona anavyouweka, umelala, mkono mwepesi. Lilipasuka usoni mwangu. Povu lilifika kwenye saa ya ukutani. Jirani akagonga, "Bi Mize, kuna nini?" Nikasema, "Kuna watoto wako!" La pili likapasuka jana asubuhi. La tatu jana mchana, hilo ndilo ulilolisikia wewe mwenyewe ukiwa ngazini, na sikuwa na wakati wa kufuta povu kwenye nyusi, ukanitazama, ukauliza kelele tu, povu hukulitaja. Una adabu ya ajabu, sijui umeirithi kwa nani.

La nne nimelinyoa leo baada ya adhuhuri. Zima. Povu lote limetoka, na lenyewe liko hapa mezani mbele yangu, jekundu, linang'aa kama kichwa chako siku ya saba.

Kwa hivyo kesho, ukishaswali alfajiri, kabla hujavaa nguo za safari, toka ukae barazani. Kibao chako nshakitia matofali mahali pa ule mguu. Si uani, barazani, kwenye njia, wakati watu wanatoka msikitini na Bi muuza mkate anapita na bakuli lake. Atakayetaka kucheka acheke, nitamnyoa yeye wa pili. Tangu unatambaa nakwita mume wangu kwa utani, na mume wangu hatoki nyumbani na kidevu kibichi. Mkono wangu hautetemeki. Nimeutazama sasa hivi, umetulia.

Nitakunyoa pande zote mbili.

Na radhi zangu unazo, Pandu. Nimekupa kwa kuandika ili usiseme hukusikia, na kesho nitakupa kwa mdomo, mbele ya hao watu, nikishakufuta povu. Nenda na wembe wa babu yako, nenda na kazi yake, na Mungu akufungulie. Nimeridhika na wewe tangu siku ya ndimu. Nilichelewa tu kufika, magoti.

Ila ukikaa hapo, tafadhali, kaa kitako na usicheke. Yale mapulizo matatu yalipasuka kwa sababu yalitikisika. La nne lilitulia. Nawe utulie.

Bibi yako, mke wa Vuai kinyozi,
Mize